Uhuru Angani, Kimya Ardhini: Uhakiki wa Maneno ya Kiswahili juu ya Nyota Zinazolipuka

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, roketi ya aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza anga kwa mionzi ya eksirei. Katika karatasi za NASA setilaiti hiyo iliandikwa SAS-1. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi, aliipa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji wa nchi iliyowapokea. Hivyo elimu ya anga ya eksirei ilianza safari yake ya setilaiti ikiwa imevaa neno la Kiswahili.

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno ambayo Kiswahili hutumia, au kinaweza kutumia, kuelezea jambo moja miongoni mwa yale yaliyochunguzwa na Uhuru na setilaiti zilizoifuata, yaani nyota zinazolipuka, na jinsi zinavyochunguzwa kwa mionzi ya eksirei na kwa mwanga ulio ng'ambo ya urujuani. Swali la msingi ni hili: lugha iliyotoa jina imepata nini katika elimu iliyobeba jina hilo?

Swali linaulizwa kutoka Likasi, na si bila sababu. Likasi ni mji wa shaba na kobalti, na kobalti, kama itakavyoonyeshwa, ni shahidi mkuu katika habari ya nyota zinazolipuka. Aidha, Likasi ni mji ambao wakazi wake huzungumza Kiswahili nyumbani, sokoni na kazini, ilhali elimu ya sayansi hutolewa kwa Kifaransa. Hapa ndipo pengo kati ya jina na elimu linapoonekana waziwazi kuliko pengine.

Hoja ya makala ni kwamba upungufu mkubwa haumo katika uhaba wa istilahi. Umo katika mazoea ya kuihesabu lugha kuwa ni orodha ya majina. Nyota inayolipuka ni tukio, si kitu; na matukio, katika Kiswahili, hubebwa na vitenzi.

2.0 Neno Lililogeuka Herufi

Yafaa kwanza jina lenyewe lichunguzwe. Neno uhuru ni nomino dhahania iliyojengwa kwa kiambishi u- juu ya mzizi wenye asili ya Kiarabu. Katika Afrika ya Mashariki ya miaka ya 1960 lilikuwa neno la mikutano ya hadhara, la magazeti na la nyimbo. Lilipopewa setilaiti lilipata maana ya pili isiyokusudiwa na wanasiasa: chombo kilichoachana na angahewa, ambayo huzuia eksirei zisifike ardhini. Kwa mtazamo huo jina lilifaa sana. Hakuna darubini ya eksirei inayoweza kufanya kazi Malindi, wala Likasi, wala Paris, kwa kuwa hewa juu ya vichwa vya watu wote huimeza mionzi hiyo. Kuchunguza anga kwa eksirei kunadai kwanza kufunguliwa kutoka hewani.

Mahali pa kurushia nako palichaguliwa kwa hesabu. Ngomeni iko chini kidogo ya mstari wa ikweta, upande wa kusini. Roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki husaidiwa na mwendo wa dunia yenyewe, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepukana na eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye nguvu huvivuruga vipimo. Kwa hiyo pwani ya Waswahili haikuwa mapambo katika habari hii. Ilikuwa sehemu ya ufundi wake.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwezi Machi 1973. Orodha ya nne ya matokeo yake, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikusanya vyanzo 339 vya eksirei angani. Kila chanzo kilipewa namba inayotanguliwa na 4U, maana yake orodha ya nne ya Uhuru. Masalia ya nyota iliyolipuka mwaka 1054, ambayo Wachina waliiandika katika kumbukumbu zao na ambayo leo huitwa Nebula ya Kaa, yamo katika orodha hiyo kwa namba 4U 0531+21. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa mradi huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Mhakiki wa lugha hana budi kusimama hapo kidogo. Neno zima la Kiswahili limepunguka hadi kuwa herufi moja, na herufi hiyo husomwa na wataalamu wa dunia nzima pasipo wengi wao kujua ni ya lugha gani. Kwa watu wa Likasi jambo hili halina ugeni. Jimbo lao liliitwa Shaba kuanzia miaka ya 1970 hadi mwaka 1997, nalo ni neno la Kiswahili lililoandikwa katika ramani, katika mihuri na katika nyaraka za serikali, huku nyaraka zenyewe zikiandikwa Kifaransa. Katika mifano yote miwili lugha iliheshimiwa kwa kuombwa jina, kisha haikuombwa neno la pili.

Hali hiyo ina historia. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni katika Kongo ya Wabelgiji, alionyesha jinsi Kiswahili kilivyotwaliwa Katanga kuwa lugha ya kuendeshea kazi na wafanyakazi. Lugha iliyopewa kazi ya kuamrisha na kuitikia haikupewa kazi ya kueleza kwa nini.

3.0 Kinachochunguzwa

Kabla ya kuhukumu maneno ni lazima jambo lenyewe lifahamike, maana istilahi hupimwa kwa kile inachokitaja.

Nuru ionwayo na macho ni sehemu ndogo tu ya mionzi ya sumakuumeme. Upande mmoja wa nuru hiyo, baada ya rangi nyekundu, yako mawimbi marefu zaidi, na mwisho kabisa mawimbi ya redio. Upande wa pili, baada ya urujuani, yako mawimbi mafupi zaidi, kisha eksirei, kisha mionzi ya gama. Kadiri wimbi linavyokuwa fupi, ndivyo nguvu inavyozidi. Gesi yenye joto la malaki ya digrii hutoa mwanga ulio ng'ambo ya urujuani. Yenye joto la mamilioni hutoa eksirei. Kwa hiyo anayetaka kujua nyota imelipukaje hawezi kutosheka na nuru ya macho, ambayo humletea habari za sehemu zilizokwisha kupoa.

Mfano ulio bora ni mlipuko ulioonekana tarehe 24 Februari 1987 katika Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 168,000. Mlipuko huo hujulikana kwa namba 1987A. Setilaiti ya IUE, iliyokuwa na kazi ya kupima mwanga wa ng'ambo ya urujuani tangu mwaka 1978, ilielekezwa huko ndani ya siku moja. Ilikuta mwanga huo ukififia upesi mno, kwa sababu gesi iliyotupwa nje ilikuwa ikitanuka na kupoa. Mwanga ule ulipokwisha kufifia, IUE ilisaidia kuthibitisha ni nyota ipi iliyokuwa imetoweka mahali pale: nyota kubwa ya buluu iliyokwisha kuorodheshwa zamani. Baadaye ilipokea mwanga kutoka pete ya gesi ambayo nyota hiyo ilikuwa imeitupa maelfu ya miaka kabla ya kulipuka. Mwako wa kwanza wa mlipuko ndio ulioiamsha pete hiyo ikang'aa.

Mfano wa pili ni wa tarehe 9 Januari 2008. Alicia Soderberg alikuwa akitumia setilaiti ya Swift kutazama mlipuko mwingine katika galaksi iitwayo NGC 2770, umbali wa karibu miaka ya nuru milioni 90. Ghafla ukatokea mwako wa eksirei uliodumu dakika chache tu. Ilikuwa nyota nyingine katika galaksi ile ile, na ilikuwa ikilipuka wakati ule ule chombo kikiwa kimeielekea. Swift, iliyorushwa mwaka 2004, ina darubini ya eksirei na darubini ya mwanga wa ng'ambo ya urujuani pamoja na nuru ya macho, hivyo kila kilichofuata kilipimwa kwa njia zote.

Na takwimu za Swift huteremshwa wapi? Setilaiti hiyo ilipangiwa tangu mwanzo kituo cha kupokelea cha Malindi, kinachoendeshwa na Shirika la Anga la Italia. NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012, na IXPE, iliyorushwa mwaka 2021, ambazo zote ni setilaiti za eksirei na zote zimechunguza masalia ya nyota zilizolipuka, nazo zimetumia kituo hicho hicho. Habari za vifo vya nyota hutua Uswahilini. Hazitui katika Kiswahili.

4.0 Uhakiki wa Istilahi

4.1 Nyota Mpya na Supanova

Neno la Kilatini nova, lenye maana ya mpya, liliingia katika elimu hii kwa sababu watazamaji wa kale waliona nyota mahali ambapo hawakuwa wameona kitu. Tycho Brahe alitazama mojawapo mwaka 1572 na kuiita mpya. Katika miaka ya 1930 Walter Baade na Fritz Zwicky waliongeza kiambishi cha kuonyesha ukubwa. Kosa la asili likabaki: nyota inayotajwa kuwa mpya ndiyo iliyofikia mwisho wake.

Kiswahili kina njia mbili hapa. Ya kwanza ni kutafsiri, kisha kupata nyota mpya kuu. Njia hii si ya kupendekezwa, kwa kuwa inalitafsiri kosa na kulifanya litamkike vizuri zaidi. Msomaji wa Kifaransa hasikii tena neno jipya ndani ya istilahi yake, amezoea. Bali msomaji wa Kiswahili ataambiwa nyota mpya naye ataamini ni mpya. Njia ya pili ni kukopa, kupata supanova. Neno hili halimwambii msomaji kitu, lakini angalau halimdanganyi. Katika istilahi, ububu ni kasoro ndogo kuliko uongo.

4.2 Eksirei na Radio

Wilhelm Conrad Röntgen, alipoigundua mionzi hii mwaka 1895, aliiita kwa herufi ambayo wanahisabati huiwekea kitu kisichojulikana. Afrika ya Mashariki ililichukua jina hilo kwa sauti ya Kiingereza likawa eksirei. Huko Likasi, kama katika miji mingine ya Kongo, neno lisikikalo hospitalini ni la Kifaransa: mgonjwa hupigwa radio.

Tofauti hii si ya lahaja tu. Katika elimu ya anga, mawimbi ya redio na eksirei yako katika ncha mbili zinazokabiliana. Yale ni marefu na dhaifu, haya ni mafupi na makali. Msomaji wa Likasi anayeambiwa kwamba nyota fulani hutoa redio anaweza kufikiri kifuani mwa mgonjwa, naye atakuwa amesafiri hadi upande usio wake. Kwa hiyo mwandishi anayewaandikia Wakongo hana budi kuchukua eksirei ya wenzake wa mashariki na kuiacha radio hospitalini, huku akieleza mara moja, kwa maneno wazi, kwamba ni mionzi ile ile. Hapa ukopaji wa pamoja una faida kuliko uaminifu kwa mtaa.

4.3 Urujuanimno na Kiukaurujuani

Kwa mwanga wa ng'ambo ya urujuani yametumika maneno mawili. La kwanza ni urujuanimno. Muundo wake ni rahisi na matamshi yake ni mepesi, ndiyo maana limeenea. Hata hivyo kielezi mno huonyesha wingi uliopita kiasi cha sifa ile ile. Tamu mno bado ni tamu, na nyekundu mno bado ni nyekundu. Urujuanimno basi ungepaswa kuwa urujuani uliokolea, ilhali mwanga unaotajwa hauna urujuani hata chembe. Jicho halioni kitu.

La pili ni kiukaurujuani. Hili limejengwa juu ya kitenzi kukiuka, yaani kuvuka mpaka. Ni zito zaidi mdomoni, lakini ni la kweli zaidi: mwanga huo umeuvuka urujuani ukatoka katika milki ya macho. Ikiwa wingi wa matumizi ndio hakimu wa mwisho, urujuanimno imekwisha kushinda. Ikiwa ni maana, kiukaurujuani lina haki ya kukata rufani. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba ubora wake umetokana na kitenzi kilichomo ndani yake.

Haifai kusahau pia kwamba urujuani wenyewe si neno la kila siku mjini Likasi, ambako rangi nyingi hutajwa kwa Kifaransa. Istilahi iliyosanifiwa pwani hufika Katanga ikiwa tayari inahitaji kufafanuliwa mara mbili: kwanza rangi, kisha kilicho ng'ambo ya rangi.

5.0 Vitenzi Vilivyosahauliwa

Katika mifano mitatu iliyotangulia mjadala ulikuwa wa majina. Ndivyo ilivyo desturi: kamati huundwa, orodha huandaliwa, jina moja kwa jina moja, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Kumbe orodha haielezi chochote. Haina sentensi.

Na itazamwe aya ifuatayo, iliyotungwa kwa ajili ya jaribio hili, isiyotumia istilahi zaidi ya chache zisizoepukika:

Nyota kubwa huishi kwa kuchoma. Huchoma hidrojeni, kisha heli, kisha elementi zilizo nzito zaidi, hata kitovu chake kikawa chuma. Chuma hakichomeki kwa faida. Hakitoi nguvu ya kuuhimili uzito wa nyota. Ndipo kitovu huporomoka, kwa muda usiotimia sekunde moja. Kikishashindiliwa kisishindilike tena, hurudisha pigo kuelekea nje. Wimbi la pigo hilo hupanda ndani ya nyota kwa saa kadhaa, na muda wote huo anayeitazama kwa nje haoni badiliko. Kisha wimbi huchomoza. Mwako wa kwanza ni wa eksirei na wa mwanga wa kiukaurujuani, nao hufifia upesi. Nuru ya macho hufuata nyuma.

Aya hiyo imeegemea vitenzi, na vitenzi hivyo vinabeba fizikia yenyewe. Hakichomeki ni kauli ya kutendeka katika hali ya ukanushi. Inasema kwamba kizuizi kimo ndani ya chuma, si kwa mchomaji. Kisishindilike inafanya kazi iyo hiyo kwa kitovu kilichofikia ukomo wa kubanwa. Kuporomoka kunarekebisha dhana ambayo neno mlipuko peke yake huipotosha: katika nyota za aina hii mambo huanza kwa kuanguka ndani, kulipuka kukafuata. Msikilizaji wa Likasi, ambaye jamaa zake wamefanya kazi chini ya ardhi, hahitaji kuelezwa maana ya kuporomoka. Hata hivyo uaminifu unadai isemwe kwamba ziko nyota zilizolipuka ambazo hazikupitia njia hii. Hizo ni nyota ndogo nyeupe zilizokwisha kuzimika, ambazo huwaka zote kwa mara moja zinapozidiwa na uzito. Kwa hizo kitenzi kuporomoka hakitafaa, na mwandishi atatafuta kingine.

Kitenzi chenye thamani kubwa kuliko vyote ni kuchomoza. Katika Kiswahili jua huchomoza, jino huchomoza, mche huchomoza. Katika kila mfano, kitu kilichokuwako tayari, kikisukuma kutoka ndani, kinavuka uso na kuonekana. Hivyo ndivyo wataalamu wengi walivyoufafanua mwako ule wa dakika chache wa tarehe 9 Januari 2008: wimbi la pigo lilikuwa limekwisha kusafiri ndani, na chombo kilikuwapo lilipochomoza. Mchomozo wa wimbi ni istilahi isiyohitaji kukopwa mahali popote. Ilikuwa ikingojea sentensi ya kuitumia.

Kuna pia tofauti ambayo Kiswahili huifanya bila kuombwa. Eksirei haionekani, lakini imeonwa, au kwa usahihi zaidi, imehesabiwa. Kauli ya kwanza ni ya kutendeka na inataja tabia ya mionzi mbele ya macho ya binadamu; ya pili ni ya kutendwa na inadai awepo mtendaji. Uhuru haikupiga picha. Ilijizungusha polepole, kiasi cha mara moja kila dakika 12, na vihesabio vyake vilihesabu chembe za eksirei kutoka kila upande wa anga. Darubini ya setilaiti iliyoweza kutengeneza picha kamili za eksirei za nyota na masalia yake ilikuja na chombo cha Einstein, kilichorushwa mwaka 1978. Mwandishi atakayesema Uhuru ilipiga picha za nyota atakuwa amekosea kitenzi, na kwa kukosea kitenzi atakuwa amekosea historia.

Si kwamba vitenzi vyamaliza yote. Majina ya elementi hayana budi kukopwa. Namba za atomi hazina budi kuandikwa. Nyutrino itabaki nyutrino. Anayedai kwamba kila kitu kipatiwe neno la asili anaichelewesha lugha kwa jina la kuilinda. Lakini mikopo hiyo ni misumari tu. Mbao za nyumba zimekwisha kuwapo.

6.0 Kobalti

Sasa yafaa kurudi Likasi, kwa sababu hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la wasomi peke yao.

Mlipuko wa 1987A ulitengeneza, kwa makadirio yaliyokubaliwa, nikeli-56 yenye uzito wa zaidi ya dunia 20,000. Nikeli hiyo haidumu. Nusu yake huoza katika muda wa siku 6 hivi, ikageuka kobalti-56. Kobalti hiyo nayo huoza, nusu yake katika siku 77, ikageuka chuma. Mng'ao wa mlipuko, baada ya miezi ya kwanza, ulipungua kwa mwendo uo huo wa siku 77. Kuanzia Agosti 1987 setilaiti ya Kijapani ya Ginga, pamoja na vyombo vilivyokuwa katika kituo cha Kisovieti cha Mir, vilipokea eksirei kali zilizotokana na mionzi ya kobalti hiyo, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Maana yake ilikuwa kwamba matumbo ya nyota yalikuwa yamechanganyika na kutupwa karibu na nje. Kwa mara ya kwanza binadamu aliweza kusema, kwa kipimo cha karibu, kwamba metali hutengenezwa nyota inapolipuka.

Kobalti ya Likasi si ile ile. Ni kobalti-59, isiyooza, nayo ilitengenezwa ndani ya nyota kubwa na katika milipuko yao kabla jua halijakuwako. Lakini ni ndugu yake, na jina ni moja. Katika mji wa Shituru na wa viwanda vyake, neno kobalti husikika kila siku: kama mshahara, kama bei, kama vumbi, kama ugomvi wa mashimo. Linatamkwa katika sentensi za Kiswahili. Sentensi moja tu haijatamkwa, ile inayosema ilikotoka.

Kuna ushahidi mwingine unaouma zaidi. Mlipuko wa 1987A ulifikia upeo wa mng'ao wake mwezi Mei, kiangazi kikiwa kimeanza Katanga na mbingu zikiwa safi. Kwa mahali Likasi ilipo, nyota hiyo ilikuwa juu ya upeo wa kusini baada ya jua kuchwa, na iliweza kuonwa kwa macho matupu. Kutoka Paris au Brussels haikuweza kuonwa kamwe. Dunia yenyewe iliizuia. Mtoto wa Likasi alikuwa na nyota juu ya paa la nyumba yao na kobalti chini ya sakafu, na lugha aliyoifahamu ilikuwa na vitenzi vyote vilivyohitajika kuviunganisha viwili hivyo. Kilichokosekana ni ukurasa.

Huenda ikajibiwa kwamba mtoto huyo ataisoma habari hiyo kwa Kifaransa akifika madarasa ya juu. Jibu hilo lina ukweli kwa wale wanaofika. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na heshima hiyo ni ya haki. Lakini heshima ya kutajwa ndiyo iyo hiyo waliyopewa Uhuru na Shaba. Lugha haikui kwa kutajwa. Hukua kwa kupewa kazi ngumu na kulaumiwa inapoikosea.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, jina la Uhuru, pamoja na uzuri wake, limebaki kuwa mfano wa lugha inayopambwa pasipo kutumiwa. Pili, istilahi zilizopo hazilingani kwa ubora: supanova ni bubu lakini haidanganyi, eksirei yapaswa kupendelewa kuliko radio kwa ajili ya kuepusha mkanganyo, urujuanimno inapotosha pale ambapo kiukaurujuani inaeleza. Tatu, na hili ndilo kubwa, Kiswahili kina katika vitenzi vyake na minyambuliko yake uwezo wa kuieleza nyota inayoporomoka, inayolipuka na kuchomoza, bila kungoja orodha ya kamati yoyote.

Inapendekezwa basi kwamba wanaoandaa istilahi waandae pamoja nazo aya, na kwamba kila istilahi ihukumiwe ndani ya aya yake. Inapendekezwa vilevile kwamba walimu wa Kiswahili na wa fizikia katika miji ya migodi wakae meza moja na kuandika kurasa chache juu ya kobalti, zianzie angani na ziishie shimoni. Vyombo vitaendelea kuteremsha takwimu zao Malindi. Lugha ya wenyeji wa hapo ndiyo iliyotoa neno la kwanza. Ya pili na ya tatu yako mikononi mwa wanaoiandika.